Kitu Kizito Kuliko Vyote Kinachotembea Nyumbani Kwako

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wenye nyumba. Wengi hawakuweza kufika na wakaomba iandikwe yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu wenye nyumba, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Kabla sijaanza naomba niwaulize swali, mnijibu kwa kuinua mikono. Nani hapa hukagua breki za gari lake, au humpa fundi azikague? Naam, karibu nyote. Haya, nani amewahi kupima kama mlango wa gereji yake hurudi juu unapokuta kitu chini yake? Naona mikono miwili. Na mmoja ni wa fundi mwenzangu pale pembeni, huyo hahesabiki!

Tafakarini kidogo. Friji ni zito, lakini limekaa mahali pake. Kabati ni zito, lakini halipandi wala halishuki. Mlango wa gereji ndicho kitu kizito kuliko vyote kinachotembea nyumbani kwako. Mlango mwepesi wa gari moja unaweza kukaribia kilo 50. Mlango mpana wa magari mawili, ukiwa wa mbao, hupita kilo 150. Uzito huo wote unapita juu ya vichwa vya watoto wako asubuhi na jioni, na anayeuamuru ni kidole kimoja kwenye rimoti.

Sasa nawauliza: ni nani anayeunyanyua? Nasikia mnasema mota. Hapana, ndugu zangu, si mota. Mkitaka kujua, mota ile ina nguvu ndogo tu. Anayeunyanyua mlango ni springi. Springi ndiyo mpagazi aliyebeba mzigo, mota ni mtu wa kumwonyesha njia. Mpagazi akianguka, yule wa kuonyesha njia hawezi kubeba chochote.

Springi hizi ni za aina mbili. Ya kwanza imezungushiwa shafti juu ya uwazi wa mlango, nayo hufanya kazi kwa kusokotwa. Ya pili imelala sambamba na reli za juu, moja kila upande, nayo hufanya kazi kwa kuvutwa. Zote mbili zinatunza nguvu, na mlango unapokuwa chini ndipo nguvu hiyo inapokuwa nyingi zaidi. Yaani ule mlango unaouona umetulia, umefungwa, kimya kabisa, ndio wakati springi imejaa nguvu ya kumvunja mtu mkono.

Tena springi ina umri. Springi za kawaida hutengenezwa zidumu kama mizunguko 10,000, na mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga. Piga hesabu ya nyumba yako. Mlango unaofunguliwa mara nne kwa siku utamaliza mizunguko hiyo katika miaka isiyofika saba. Umekaa kwenye nyumba hiyo miaka mingapi?

Niwasimulie. Mama mmoja, mteja wangu, alikuwa sebuleni usiku akasikia mlio mkubwa, kishindo kikavu kama kitu kimepasuka. Alizunguka nyumba nzima, madirisha yako salama, hakuna kilichoanguka. Akalala. Asubuhi akabonyeza rimoti atoke. Mlango ukapanda mpaka kiasi cha goti, mota ikanguruma, ikakata. Kijana wake, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mama, subiri," akaivuta ile kamba nyekundu inayoning'inia ili auinue mlango kwa mikono.

Mnajua kilichotokea? Kamba ile inautenga mlango na mota. Springi ilikuwa imekatika tangu usiku, na ndicho kile kishindo. Kwa hiyo kwa dakika ile mlango haukuwa umeshikwa na kitu chochote isipokuwa mota, na kijana ameuondoa kwenye mota. Uzito wote ulishuka kwa pamoja. Mguu wake ulikuwa nje ya mstari kwa upana wa kidole.

Alitoka salama. Lakini nataka mbaki na mambo mawili kutoka kwa kijana yule. La kwanza, ukisikia kishindo gereji, au mlango ukawa mzito ghafla, au ukaona pengo katikati ya springi ambapo zamani palikuwa pameshikana, usiguse rimoti. Acha mlango chini, mwite fundi. La pili, kamba nyekundu huvutwa mlango ukiwa umefungwa. Ukilazimika kuivuta mlango ukiwa wazi, kwanza hakikisha hakuna mtu wala gari chini yake, na ukihisi springi imekatika, usiivute kabisa.

Na fundi aitwe kweli. Najua baadhi yenu ni mahodari wa kazi za mikono, nami nawaheshimu. Paka mafuta bawaba, kaza boliti za reli, badilisha betri ya rimoti. Lakini springi usiiguse. Kebo za chuma zinazotoka juu mpaka chini ya mlango usiziguse. Na kile kipande cha chuma kilichoko pembe ya chini ya mlango, ambako kebo imefungwa, usilegeze hata skrubu yake moja. Watengenezaji wengi hukipaka rangi nyekundu, na si kwa ajili ya urembo. Video za kukufundisha ziko tele, na mtu aliyemo kwenye video ana vyuma maalumu vya kushikilia springi wakati wewe umeshika bisibisi.

Wale wenye springi za kuvutika, nendeni mkatazame kama kuna kebo nyembamba iliyopita ndani ya springi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kebo hiyo haivuti chochote siku zote. Kazi yake ni moja: springi ikikatika, isiruke ikavuka gereji na kuvunja kioo cha gari au uso wa mtu. Nyumba nyingi za zamani hazina. Ni kitu kidogo, fundi hukifunga kwa muda mfupi.

Utajuaje kama mpagazi wako bado ana nguvu? Funga mlango. Vuta kamba nyekundu. Inua mlango kwa mikono mpaka nusu, kama kiuno hivi, kisha punguza nguvu ya mikono taratibu. Mlango ulio sawa utabaki hapo ulipouacha. Ukishuka kwa kasi, springi imechoka. Ukikimbilia juu, springi imekazwa kupita kiasi. Katika hali hizo zote mbili, usiendelee na vipimo vingine nitakavyovitaja, kwa sababu mota inayohangaika na mlango mzito haiwezi kukulinda. Naomba mlielewe hilo vizuri. Watu huniuliza mota ipi ni salama zaidi, nami huwajibu waanze na mlango.

Sasa nije kwa watoto.

Mlango wa kwanza wa gereji wa kupanda juu ulibuniwa Marekani mwaka 1921, na mota ya umeme ikafuata mwaka 1926. Kwa miongo mingi baada ya hapo, mota ilijua jambo moja tu, kushusha mlango mpaka ufike chini. Kama kuna kitu katikati, ilisukuma. Baadaye zikaja mota za kugeuza mlango ukigusa kitu. Lakini katika miaka ya 1980 watoto waliendelea kufa huko Marekani, makumi ya watoto, wakibanwa chini ya milango hii.

Kwa nini? Kwa sababu kugeuza kwa kugusa kunategemea jinsi mlango ulivyorekebishwa. Mota nyingi zina skrubu au kitufe cha kuongeza nguvu ya kushuka. Mlango ukianza kukwama kwa sababu ya kutu au reli iliyopinda, mwenye nyumba anaongeza nguvu badala ya kurekebisha reli. Mlango unashuka vizuri, anafurahi. Anachokuwa amefanya ni kuifundisha mota kudharau kizuizi. Na mwili wa mtoto ni laini kuliko reli yenye kutu.

Ndipo sheria ikabadilika. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Januari 1993 kila mota ya mlango wa gereji ya nyumbani iliyotengenezwa kwa soko lao ililazimika kuwa na ulinzi wa pili, usiotegemea ule wa ndani ya mota. Inaweza kuwa ukingo wa mpira chini ya mlango unaohisi kuguswa, au, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, macho mawili ya umeme yanayotazamana kutoka pande mbili za mlango. Jicho moja linatuma mwali usioonekana, la pili linaupokea. Mwali ukikatwa wakati mlango unashuka, mlango unageuka na kupanda. Haumgusi mtu hata kidogo. Ulaya wao wana kipimo cha nguvu pia: mlango ukimbana mtu, nguvu yake haitakiwi kuzidi nyutoni 400, ambayo ni kama kulaliwa na mzigo wa kilo 40, tena irudi chini ya 150 ndani ya robo tatu ya sekunde.

Kwa hiyo ukinunua nyumba yenye mota ya kabla ya 1993, au mota isiyo na macho wala ukingo ule wa mpira, usiniulize kama inatengenezeka. Ing'oe.

Lakini je, kuwa na macho kunatosha? Sikilizeni kisa hiki, mafundi wenzangu watakitambua kwa sababu kila mmoja wetu amekikuta. Niliitwa kwenye nyumba moja nzuri, mlango mpya, mota mpya. Nikatazama chini pembeni mwa mlango, sioni macho. Nikamuuliza bwana mwenye nyumba, macho yako wapi? Akanielekeza dari. Juu kabisa, kando ya mota, macho yote mawili yamefungwa kwa utepe, yanatazamana kwa umbali wa shubiri moja. Nikamuuliza, bwana mkubwa, haya yanamlinda nani huko juu? Akacheka. Akasema yalikuwa yanamsumbua, mlango unashuka nusu na kurudi, unashuka nusu na kurudi, kila jioni.

Kila jioni! Neno hilo ndilo lililonipa jawabu. Gereji ilikuwa imeelekea machweo, jua likipiga moja kwa moja kwenye jicho la kupokea. Dawa yake ilikuwa kubadilishana nafasi za macho hayo mawili, la kupokea liende upande wenye kivuli. Bwana yule alikuwa na wajukuu, na kwa muda wote huo mlango wake ulikuwa kipofu kwa sababu ya jua la jioni.

Ndugu zangu, macho yakikataa kufunga mlango, yana sababu. Utando wa buibui. Vumbi. Ufagio ulioegemezwa. Jicho lililogongwa na tairi la baiskeli likageuka kidogo. Kwenye mota nyingi taa ndogo ya jicho itapepesa au kuzimika ikiwa hayaonani. Futa kwa kitambaa laini, yanyooshe mpaka taa itulie. Na ikiwa usiku umeingia na mlango umekataa kabisa, mota nyingi zitakuruhusu kuufunga kwa kubonyeza swichi ya ukutani bila kuachia mpaka ufike chini. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi: kama macho hayaoni, basi wewe usimame pale uone badala yake.

Yafungwe wapi? Chini. Yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Mtu huniambia, fundi, si ungeyaweka kiunoni yasichafuke? Mtoto anayetambaa hafiki kiunoni. Na mtoto aliyeanguka chini ya mlango amelala.

Vipimo ni viwili, na havihitaji fundi. Cha kwanza: anza kuufunga mlango, kisha ukiwa unashuka pitisha mti wa ufagio mbele ya macho. Lazima urudi juu. Cha pili: laza kipande cha ubao sakafuni katikati ya uwazi, unene wake kama sentimita 4, ufunge mlango ukigonge. Ndani ya sekunde mbili baada ya kugusa, lazima uwe umeanza kupanda. Ukisimama tu juu ya ubao bila kupanda, umefeli. Ukiukandamiza, umefeli vibaya. Mlango uliofeli utenge na mota, utumie kwa mikono mpaka urekebishwe. Fanyeni hivi kila mwezi. Msitumie mkono wala mguu kupima, nawasihi, nimeona watu wazima wakifanya hivyo mbele ya marafiki zao ili kuonyesha mlango ulivyo mwerevu.

Watoto wenyewe pia wana la kujua. Ule mchezo wa kubonyeza na kukimbia upite kabla mlango haujashuka, watoto wote wa dunia wanaujua bila kufundishwa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Swichi ya ukutani iwe juu ya mita moja na nusu, mahali ambapo anayebonyeza anauona mlango. Rimoti si kitu cha kumtuliza mtoto garini. Na vidole: milango ya paneli hukunjika kwenye viungio inapopita kona ya reli, na mwanya ule hufunguka na kufunga. Kuna paneli zilizochongwa ili kidole kisukumwe nje badala ya kubanwa. Ukibadilisha mlango, uliza hizo. Kwa sasa, weka vishikio nje na ndani ili asiwepo mtu wa kuushika mlango kwenye mwanya.

Wale mnaofunga mlango kwa simu mkiwa mbali, mota zilizoundwa kwa ajili hiyo hupiga king'ora na kumulika taa kabla ya kushuka, kwa sababu hakuna anayetazama. King'ora kile kinaudhi, najua. Msikikate.

Nigeuke sasa kwenye jambo ambalo watu hulisahau. Tumeongea kuhusu mlango unaofunga wakati haufai. Je, mlango unaokataa kufunguka?

Oktoba 2017, moto mkubwa uliwaka kaskazini mwa California. Umeme ukakatika. Watu wakakimbilia magari yao gizani, wakabonyeza, mlango haukusogea. Wako waliokufa kwa kushindwa kutoka gereji zao, na wengi wa waliokwama walikuwa wazee ambao hawakuwa na nguvu ya kuuinua mlango kwa mikono. Jimbo hilo likapitisha sheria: tangu tarehe 1 Julai 2019, mota mpya inayouzwa huko lazima iwe na betri ya akiba. Nyinyi msisubiri sheria. Mota ikiwa na betri, ipime kwa kuchomoa plagi ya umeme na kubonyeza. Ikiwa haina, basi kila mtu mzima nyumbani ajue ile kamba nyekundu, aifikie kwa mkono, na awe ameivuta angalau mara moja mchana kweupe mlango ukiwa chini. Mzee wa nyumba pia. Na kama springi zinaubeba mlango sawasawa, kama nilivyosema mwanzo, hata bibi atauinua.

Hapa ninaye mgomvi wangu wa siku zote, yaani ushauri unaozunguka wa kuifunga kamba hiyo kwa kibano cha plastiki ili mwizi asiivute. Ni kweli mwizi anaweza kupenyeza waya juu ya mlango na kuinasa, na hamchukui muda. Lakini ukiifunga isivutike, umemfungia nani? Kuna kinga ya bati au plastiki ngumu inayofungwa kati ya mlango na kile kifungulio kinachovutwa na kamba, waya wa mwizi haufiki, na mkono wako wa ndani unafika. Nunueni hiyo.

Na maadamu nimemtaja mwizi, kuna rimoti za zamani. Ndani yake utakuta vijiswichi vidogo, nane mpaka kumi na mbili, ambavyo unavipanga juu au chini. Hata vikiwa kumi na viwili, misimbo yote inayowezekana ni 4,096 tu, na haibadiliki kamwe. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Mmarekani, Samy Kamkar, alichukua kifaa cha watoto cha kutumiana ujumbe kilichotengenezwa na Mattel, akakirekebisha, kikawa kinajaribu misimbo yote na kufungua milango ya aina hiyo chini ya sekunde 10. Kifaa cha kuchezea! Mota za kisasa hubadilisha msimbo kila unapobonyeza, ule wa jana haufai leo. Ukifungua rimoti yako ukakuta vijiswichi, basi unajua cha kufanya. Na mlango wa kutoka gereji kuingia ndani ya nyumba ufungwe kwa kitasa usiku. Wengi mnauacha wazi, mkiamini ule mkubwa umefunga.

Nimeongea vya kutosha. Nimekuja na kipande cha ubao cha unene ule niliousema, kiko hapa mbele kwa anayetaka kukiona. Naona mikono imeinuka, na mama wa pale nyuma ameinua tangu nilipotaja springi. Karibu mama, uliza.